Sauti ya Kuazima

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia dukani kwa shangazi yake, fundi cherehani. Jina hilo la ndege alipewa na shangazi huyohuyo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alivua viatu mlangoni, akafagia vipande vya vitambaa, kisha akapitisha sumaku sakafuni kuokota pini zilizoanguka, huku akisimulia habari za shule tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Shangazi alikanyaga cherehani na kuitikia "enhe" kila palipohitajika, hata kama hakuwa akisikiliza.

Siku aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Alhamisi, siku ya bendi. Saa kumi na moja jioni shangazi alifunga duka, akabeba gitaa lake, na wote wawili wakaenda kwenye karakana ya fundi baiskeli, banda la mabati juu na pembeni. Fundi baiskeli alipiga ngoma. Mwalimu wa hesabu alipiga kinanda, akihesabu chini chini kana kwamba muziki nao una mtihani. Shangazi aliimba. Bendi yao iliitwa Uzi Mmoja, na kwa miaka minne ilikuwa haijapiga popote isipokuwa kwenye harusi za ndugu zao wenyewe.

"Tatizo ni kwamba hatujulikani," Chiriku alisema Alhamisi moja, wakubwa walipopumzika kunywa maji. "Wenzetu wote wana ukurasa mtandaoni. Sisi je?"

"Na nani ataufungua?" mwalimu aliuliza.

"Mimi hapa. Kwa simu ya shangazi, kwa jina la shangazi, na neno la siri atalijua yeye."

Shangazi alicheka. "Huyu alishapanga kila kitu. Haya, fungua. Lakini chochote utakachoweka humo, ujue ni sisi sote tumekisema. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Kusikia alisikia, ila kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba. Mikono ilikuwa ikimwasha kuanza. Aliwapanga wakubwa mstari mmoja kwa ajili ya picha. Fundi baiskeli alinawa grisi mara mbili, akachana nywele, na mwishowe akaonekana nusu uso. Mwalimu alitaka maelezo ya bendi yajae ukurasa mzima. Chiriku akayafupisha: "Uzi Mmoja. Muziki wa harusi, mahafali na shughuli zenu zote." Kisha akasimama mlangoni ili wote waenee, akawarekodi wakipiga wimbo mmoja wa zamani ambao kila bendi huupiga. Alipobonyeza na kuona video imepanda, aliruka ruka kwa furaha.

Kesho yake video ilikuwa imetazamwa mara kumi na moja, na sita kati ya hizo ni Chiriku mwenyewe. Aliposikiliza vizuri akaelewa kwa nini. Mabati yalitetema, ngoma ikasikika kama sufuria zinazoporomoka, na sauti ya shangazi ikamezwa kabisa. Mwanafunzi mwenzake alikuwa ameandika chini yake: "Hii ni bendi au mnabomoa nyumba?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini kwa kuwa alikuwa hodari wa simu, haikumchukua muda kupata dawa. Alitafuta wimbo uleule ulivyopigwa na bendi nyingine ya mbali, safi kabisa, akaifuta sauti ya Uzi Mmoja na kuweka ile juu ya picha zao. Midomo haikuonekana vizuri kutoka mlangoni. Nani angejua? "Ni kwa muda tu," alijiambia. "Tukishajulikana, nitaweka ya kwetu."

Kufikia Jumapili watazamaji walikuwa elfu tatu. Shangazi aliletewa habari ya idadi tu. "Kuisikiliza siwezi," alisema, uso umejaa tabasamu. "Sauti yangu kwenye simu inanitia aibu. Wewe niambie watu wanasemaje." Na watu walisema mengi mazuri. Chiriku alimsomea yote, bila kuruka hata moja.

Jumatatu alipofika dukani, alimkuta shangazi amesimama katikati ya chumba, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, simu mkononi. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa mkuu wa maktaba mpya ya mji. Alitaka Uzi Mmoja wapige siku ya ufunguzi, Jumamosi, mbele ya mji mzima.

Shangazi hakukumbuka hata kufunga duka. Alimshika mkono Chiriku, wakaenda mbio hadi karakana, na mwalimu akaitwa. Fundi baiskeli alilia kidogo, kisha akasingizia vumbi. Miaka minne walikuwa wakiingoja siku kama hiyo.

"Nisomeeni tena, polepole," fundi baiskeli aliomba.

Shangazi akasoma hadi mwisho. "'Tumempenda hasa mpiga tarumbeta wenu.'" Akausoma tena mstari huo. "Tarumbeta? Nani kati yetu ana tarumbeta?"

"Labda ni pampu yangu," fundi baiskeli alisema, na wote wakacheka, isipokuwa mmoja.

Chiriku alikuwa na uongo tayari ulimini: mpiga tarumbeta amesafiri. Ungetosha kwa leo. Lakini Jumamosi mji mzima ungemsubiri mtu asiyekuwepo, na atakayesimama mbele yao kuaibika ni shangazi.

"Si sauti yenu," alisema. "Niliazima ya bendi nyingine. Ya kwetu ilikuwa mbaya."

Shangazi aliifungua video, akaisikiliza kwa mara ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu mama anaimba vizuri," alisema taratibu. "Kwa hiyo sifa zote ulizonisomea zilikuwa zake. Ya kwangu haikufaa."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko fimbo. "Ya kwako inafaa, shangazi. Mabati ndiyo hayakufaa," alisema, machozi yakimtoka. "Nisamehe. Nisameheni nyote."

"Tumekusamehe," mwalimu alisema. "Sasa sahihisha."

Aliiondoa video palepale. Akaiandikia ile bendi nyingine kuomba radhi, akaweka maelezo ya ukweli kwenye ukurasa, na mwisho akamwandikia mkuu wa maktaba. Jibu lilirudi upesi: "Asante kwa kusema kweli. Kamati inakutana kesho saa sita mchana. Tutumieni sauti yenu wenyewe kabla ya hapo, ndipo tuamue."

"Lakini humu ndani, sauti itakuwa ileile," fundi baiskeli aliguna.

Chiriku alifuta machozi. "Shangazi anapoimba dukani, kila neno linasikika. Vitambaa vinameza mwangwi. Tukarekodi kule."

Ikawa kazi juu ya kazi. Walihamisha ngoma na kinanda, wakatundika vitambaa ukutani, wakatandika blanketi chini ya ngoma. Chiriku alijaribu simu kwenye meza, kwenye kiti, kwenye rafu, hadi akapata mahali ambapo gitaa halifuniki mwimbaji. Mara ya kwanza aliingia mteja kuulizia suruali yake. Mara ya tatu mwalimu alisikika akihesabu "tatu, nne" katikati ya ubeti. Mara ya saba shangazi alifumba macho, akaimba, na walipomaliza hakuna aliyeomba kurudia. Usiku huohuo Chiriku akaiweka kwenye ukurasa na kumtumia mkuu wa maktaba.

Hadi saa nne asubuhi iliyofuata, watazamaji walikuwa tisini tu. Lakini mmoja wao aliandika: "Mbona sauti hii naijua? Si yule fundi aliyenishonea sare?" Mwingine akajibu: "Ndiye. Nilikuwa sijui kwamba anaimba hivi." Saa saba kasoro robo simu ikalia. "Karibuni Jumamosi," alisema mkuu wa maktaba. "Kamati nzima imekubali, na wawili wanataka kujua duka lenu liko wapi."

Karakana ililipuka kwa vigelegele jioni hiyo. Fundi baiskeli alimnyanyua Chiriku juu, mwalimu akasahau kuhesabu. Kelele zilipotulia, shangazi alimketisha mpwa wake kando yake.

"Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri," alimwambia, "na wakataja kabisa mahali isipositiri, ila hapo tuache. Mimi ni fundi, nimeyaona. Nguo ya mwenzio itakubana au itakupwaya, na siku ya shughuli mwenyewe atakuja kuidai mbele za watu. Ya kwako, ikiwa na dosari, unaifumua na kuishona upya. Jana tumefumua na kushona mara saba, na ndiyo maana leo hakuna wa kutuvua."

Akachukua gitaa na kukaza nyuzi. "Sasa simama uimbe kiitikio na mimi. Jumamosi nakuhitaji."