Kibao cha 214

Asubuhi ya Alhamisi, Oktoba 1973, lori la kijiji cha Mahurunga liliishiwa nguvu katikati ya mlima wa kwendea Mtwara, limejaa korosho. Likarudi kinyumenyume hadi likaegemea kichuguu. Dereva wake, Shaibu, alifungua boneti, akatazama, kisha akatamka neno lililompeleka mahabusu: injini hii si yetu.

Nani angeibadili ila yeye mwenye ufunguo? Ndivyo alivyoamua mkuu wa kituo, na ushahidi akautaja: hati za kijiji zilisema injini ni 3500, bali kibao kilichopigiliwa ubavuni mwake kilisema 214. Akamwamuru Koplo Hamisa afunge jalada, dereva afike mahakamani Jumatatu.

Hamisa hakulifunga. Alikwenda mahabusu. Shaibu hakuinuka.

"Umekuja kunibembeleza nikiri?"

"Nimekuja kuuliza. Nani mwingine alikaa na lori?"

"Fundi Iddi wa Chikongola, alipotengeneza breki. Na mkinifunga miaka saba, Koplo, nitatoka nikisema yale yale."

Gerejini, Fundi Iddi alicheka aliposikia habari ya namba mbili. 214, alieleza, ni inchi za ujazo, kipimo cha Waingereza: nafasi yote ambayo pistoni zinaifagia ndani ya silinda. Inchi moja ya ujazo ni sentimita za ujazo kumi na sita nukta nne. Hamisa akazidisha, akapata sentimita 3509, karibu sawa na 3500 za hati. Kibao na hati vilikuwa kitu kimoja. Ushahidi wa mkuu ukayeyuka kama chumvi mvuani.

"Basi kibao ni cha kijiji," alisema Hamisa. "Na lori lilikuwa kwako."

Kicheko kikamkauka fundi. Alisema alikwenda msibani Mikindani siku tatu, gereji akamwachia Elia, mwenye lori la kukodisha, aliyekuwa akitengeneza gari lake hapo.

"Nitajuaje si wewe?"

"Hutajua kwa kunikodolea macho, dada. Tuipime injini, tujue imetoka lori gani."

Hamisa aliazima kwenye zahanati bilauri yenye mistari ya kipimo. Kwenye lori la kijiji, Iddi alitoa plagi, akalegeza roka, vyuma vya kusukuma valvu, ili valvu zifunge, akajaza silinda moja mafuta mazito pistoni ikiwa chini, kisha ikiwa juu. Hamisa akatoa kiasi kidogo katika kikubwa: 417. Mara silinda sita: 2500 na ushei.

Kibao kilikuwa cha kweli, injini ya uongo. Na katika wilaya ile, lori la aina hiyo lenye kibao cha 2500 lilikuwa moja, la Elia. Tangu Alhamisi ndilo lililobeba korosho za Mahurunga, likipanda mlima ule ule limejaa pomoni bila kuishiwa nguvu.

Ijumaa alasiri Hamisa alilisimamisha juu ya mlima, Iddi akiwa kando yake. Elia alishuka akitabasamu.

"Soma kibao, mama. Elfu mbili na mia tano. Au shuleni hukufika kwenye namba?"

"Kibao husema alichotaka aliyekipigilia. Silinda haijui kusoma wala kusema uongo. Fungua boneti."

"Na nisipofungua?"

"Nitafungua mimi, ukiwa na pingu."

Alifungua. Silinda ya kwanza ilitoa tofauti ya 585. Hamisa hakuhitaji kalamu: mara sita ni 3510, injini ya kijiji. Alimtazama Elia mpaka tabasamu likaanguka.

"Nimewabebea korosho miaka minane," Elia alisema. "Wakapata lori lao, wakanipita barabarani kama mbwa. Nilitaka warudi wenyewe waniombe."

"Na Shaibu?"

"Dereva tu. Angepata kazi nyingine."

Jioni mkuu wa kituo alimwambia Shaibu yamekwisha, aende zake nyumbani. Shaibu akabaki ameketi.

"Mmeniita mwizi mbele ya kijiji kizima, mchana. Mnanitoa mlango wa nyuma, jioni? Siondoki."

Mkuu akamgeukia Hamisa amtoe. Hamisa alichukua kofia yake, akamwomba Shaibu alale pale pale kwa hiari yake, mlango wazi. Asubuhi alimpakia kiti cha mbele cha gari la polisi, na mkuu mwenyewe nyuma, wakashika njia ya Mahurunga, mkuu akatangaze mbele ya kijiji kizima kwamba Shaibu si mwizi.