Nyumba ya Chaki

Saa moja na robo asubuhi, msanifu majengo alifungua ukumbi akapiga ukelele. Nyumba haikuwepo. Kwa wiki tatu vijana sita wenye ulemavu walikuwa wameichora kwa chaki sakafuni, nyumba ambayo wangejengewa wahamie bila wazazi wao, kwa ukubwa wake halisi, wakipita na viti vya magurudumu na kusogeza kila mlango hadi upitike. Msanifu alikataa kunakili chochote mpaka wamalize. Saa nne kamati ya kugawa kiwanja ingekuja kuukagua mchoro; isipouona, kiwanja wangepewa wengine.

Inspekta wa polisi alifika saa mbili, vijana wakiwa wameshabebwa na wazazi wao hadi ukumbini na kuketishwa benchini. Sakafu ilikuwa bado na majimaji ya kudekiwa.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, mlinzi, na mama yake Bingwa, mmoja wa vijana hawa," msanifu akajibu.

"Mimi dekio nalijua kwa jina tu, afande," mlinzi akajitetea. "Muulize mke wangu."

Inspekta hakucheka. Alikagua viti vya mradi, ambavyo hulala humo humo. Vitano vilikuwa na tope jeupe la chaki magurudumuni. Cha sita kilikuwa kimefutwa kikakauka, hadi kwenye spoki.

"Hiki cha nani?"

"Changu," akasema Bingwa, aliyepewa jina hilo kwa kuwashinda wote drafti.

"Nani hukufutia?"

"Mama. Hataki nishike uchafu..." Akamgeukia mama yake ghafla.

Mama hakukana. "Miaka ishirini na miwili namgeuza kitandani, afande. Namwogesha, namlisha. Huko nani atamsikia akikohoa?"

"Mama, chumba changu nilikiweka ubavuni mwa cha mhudumu. Nilikuonyesha!"

"Nilikiona, mwanangu. Ndicho nilichokifuta kwanza. Ukienda, mimi niamke kwa ajili ya nani?"

Inspekta alifunga daftari. Mkosaji alikuwa amempata. La kumfanyia hakulijua. Msanifu akajaribu kuchora upya, lakini vijana wakabishana mlango upi ulikuwa wapi, na saa nne ikafika. Kamati haikukaa hata dakika kumi. Mradi ukafungwa, viti vikapakiwa kwenye gari.

Mama akachuchumaa mbele ya mwanawe, akampa mgongo.

"Sitaki," akasema Bingwa.

Mama akangoja. Wote wakaangalia pembeni. Mwishowe Bingwa, akilia kwa hasira, akamshika mabegani, akabebwa nyumbani.