Baada ya Asante

Kila asubuhi ya likizo, kazi ya kwanza ya Kasuku ilikuwa kuosha vyombo. Kazi ya pili, ambayo hakutumwa na mtu, ilikuwa kuwaiga watu wa mtaa mzima huku akiviosha. Akishika sufuria alikuwa mtangazaji wa redio. Akifika kwenye vikombe alikuwa mwalimu mkuu akiwakemea wachelewaji. Kwenye vijiko alikuwa Fundi Cheche, mchomeleaji wa pale barabarani, ambaye salamu zake zilikuwa ndefu kuliko mageti aliyoyatengeneza. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa chini, na mama akapaza sauti kutoka ndani:

"We Kasuku! Hivyo vyombo vinaoshwa au vinahutubiwa?"

Jina la Kasuku alipewa na watoto wenzake kwa sababu ya kuiga huko, na mwishowe hata nyumbani wakalizoea. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sauti za watu kumi na zaidi kooni mwake.

Likizo hiyo shangazi yake alimpa kazi. Shangazi alikuwa ametumikia chama cha akiba na mikopo tangu Kasuku hajazaliwa. Alianza dirishani, akipokea na kutoa fedha, akapanda ngazi mpaka akawa msimamizi wa huduma kwa wanachama. Sasa chama kilikuwa kinatengeneza programu ya akili mnemba, yaani kompyuta inayojifunza kwa mifano, ili ipokee simu za wanachama na kuzungumza nao. Kijana aliyeitengeneza, ambaye kila mtu alimwita Injinia, alisema hawezi kuimaliza bila Shangazi.

"Kompyuta anaijua yeye," Shangazi alimweleza Kasuku. "Watu nawajua mimi. Tukitengana, hakuna mashine hapo."

Alimpa kinasa sauti kidogo na kadi kadhaa. Kila kadi ilikuwa na tatizo moja: umepoteza simu, umesahau namba ya siri, fedha zimetoka na hujui zilikokwenda. Kasuku aende kwa majirani, awaombe ruhusa, kila mmoja achague kadi na azungumze kama anapiga simu kwenye chama.

"Sasa nisikilize vizuri," alisema Shangazi. "Mtu mwenye shida ya fedha haanzi na fedha. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha atauliza jambo dogo ambalo hata halihitaji. Atasema asante, ataaga, atapiga hatua kuelekea mlangoni. Hapo ndipo atageuka. 'Halafu dada, kuna kitu kingine kidogo tu.' Hicho kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani."

"Kwa nini asikiseme mwanzo?"

"Aibu, mwanangu. Fedha na aibu ni mapacha. Nilipokuwa mgeni dirishani, mtu akisema asante tu, mimi naita, 'Anayefuata!' Niliwapoteza wengi hivyo. Ilinichukua miaka kujifunza kunyamaza na kumtazama mtu kwa upole mpaka amalize. Nataka mashine hii ijifunze hilo kabla ya jambo lingine lolote. Kwa hiyo mtu akisema asante, usizime. Subiri."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Ukimaliza, kuna begi jipya la shule linakusubiri."

Siku ya kwanza Kasuku alifanya kazi kwa bidii. Alimrekodi mshonaji, muuza magazeti na mama yake mwenyewe. Lakini watu walikuwa wagumu. Mshonaji alizungumzia magoti yake mpaka Kasuku akaanza kusinzia. Muuza magazeti alimwambia arudi kesho. Jua likawa kali, na wenzake walikuwa wanaruka kamba nyuma ya nyumba.

Kesho yake alijifungia chumbani na mdogo wake, akachukua kadi zilizobaki, na akazisema zote mwenyewe. Alikuwa mama wa dukani, alikuwa babu asiyesikia vizuri, alikuwa mwanafunzi wa chuo. Kila mmoja alitaja shida yake, akasema asante, na Kasuku akazima kinasa sauti. Fundi Cheche ndiye aliyemtoka vizuri kuliko wote. Mdogo wake aliziba mdomo kwa mto asisikike akicheka.

Injinia alizipenda sauti hizo. "Safi kabisa," alisema. "Hakuna kelele, hakuna kupotezeana muda." Shangazi alizisikiliza na uso wake ukakunjamana.

"Hawa wa mwisho wanasema haraka hivi? Hata Fundi Cheche?"

"Ndivyo walivyosema, Shangazi," Kasuku alijibu, akiangalia pembeni.

Shangazi alimtazama kidogo, kisha akatikisa kichwa na kumkabidhi begi. Lilikuwa la buluu, lenye mifuko mitatu. Kasuku alilivaa mpaka kitandani.

Wiki mbili baadaye, programu ilianza kupokea simu za chama kwa majaribio. Asubuhi hiyo mama alimtuma Kasuku apeleke kigoda cha chuma kwa Fundi Cheche, kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umelegea. Alimkuta fundi amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, kinyago cha kuchomelea kimesukumwa juu ya kichwa, simu sikioni.

"Haloo! Habari za kazi? Nzuri. Na za nyumbani?" Fundi alisikiliza, kisha akacheka. "Ah, kumbe ni mashine! Haya, mashine, habari za huko ndani?"

Kasuku aliuma mdomo asicheke.

"Nilitaka kuuliza tu, hivi Jumamosi mnafungua saa ngapi? Saa tatu. Vizuri. Asante. Asante sana." Fundi alinyamaza. Alijifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Halafu, kuna mtu alinipigia jana, akasema yeye ni wa huko kwenu, na mimi nikam—"

Aliondoa simu sikioni akaitazama.

"Imekata," alisema.

Kicheko kilimkauka Kasuku. "Piga tena, Fundi."

"Aah, haina neno. Pengine ni heri. Nilikuwa najiaibisha bure." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Weka kigoda hapo, mwanangu. Msalimie mama." Akateremsha kinyago usoni, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Kasuku aliondoka polepole. Alijua vizuri kilichotokea. Ile asante ambayo mashine ilidhani ndiyo mwisho, aliisema yeye mwenyewe, chumbani, kwa sauti ya Fundi huyuhuyu, huku mdogo wake akicheka kwenye mto. Na baada yake alikuwa amezima.

Nyumbani alishindwa kula. Begi la buluu lilining'inia kwenye msumari, naye akaligeuza lielekee ukutani. Akajiambia pengine shida ya Fundi ni ndogo. Akajiambia atapiga tena mwenyewe. Kisha akamkumbuka akikiteremsha kinyago, na akaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Alilitoa begi lile msumarini na kutoka mbio.

Shangazi alikuwa ofisini na Injinia, kila mmoja na kompyuta yake.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mbona unahema?"

"Hamna kitu. Nilikuwa napita tu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Na magoti yako hayaumi siku hizi?"

"Hayo ni magoti ya mshonaji," alisema Shangazi. "Yangu mazima."

Kasuku aliangalia kalenda ukutani. Akauliza kama shule zitafunguliwa Jumatatu au Jumanne, jambo ambalo alilijua fika. Shangazi akamwambia. Kasuku akasema asante, akaaga, akaenda mpaka mlangoni na kushika kitasa.

Injinia alikuwa ameshageukia kompyuta yake. Shangazi hakugeuka. Alikunja mikono juu ya meza, akamtazama mtoto kwa upole, na akanyamaza kimya.

"Halafu, Shangazi," Kasuku alisema, na machozi yakamtangulia. "Kuna kitu kingine."

Akasema yote. Alisema habari za chumbani na mto, za uongo alioutoa mbele ya meza ileile, na za Fundi Cheche aliyekatiwa simu. Aibu ilimjaa mpaka akaongea na viatu vyake.

Shangazi hakumgombeza. Alichukua simu kwanza. Aliwaagiza makarani kwamba akaunti ya Fundi Cheche isitoe chochote mpaka afike mwenyewe, kisha akampigia Fundi. Alimsalimia, akaulizia familia yake, akasubiri. Kasuku aliuona uso wa Shangazi ukibadilika kadiri sauti ya upande wa pili ilivyokuwa ikishuka.

Ilikuwa hivi: tapeli alijifanya mfanyakazi wa chama, akamrubuni Fundi mpaka akamtajia namba yake ya siri. Sehemu ya akiba yake ya kununulia mashine mpya ya kuchomelea ilikuwa imeshaibwa mchana ule, saa chache baada ya simu kukatika. Sehemu kubwa ilikuwa bado haijaguswa, na sasa haingeguswa tena.

"Kama programu ingesubiri..." Injinia alisema, akajikuna kichwa. "Lakini haikuharibika. Imefanya vilevile ilivyofundishwa."

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilivua begi na kuliweka mezani.

"Na mimi nina langu," alisema Shangazi, sauti ikiwa chini. "Masikio yangu ya miaka yote yaliniambia sauti zile si za watu wenye shida. Nikayanyamazisha, nikaipitisha kazi. Naona haya kama wewe." Alimgeukia Injinia. "Zima mashine. Simu zirudi kwa makarani leo hii. Kasuku, kazi inaanza upya, na unaianza wewe."

Safari hii Kasuku hakuruka nyumba hata moja. Alikwenda kwa mama wa dukani, akakiri kwamba alikuwa amemwiga, akaomba radhi, ndipo akaomba kumrekodi. Kila mlango ulikuwa aibu mpya. Wengine walicheka, mmoja alimfokea mpaka majirani wakachungulia. Babu asiyesikia vizuri alimfanya arudie kukiri mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na hakuna aliyejua kama kweli hakusikia au alikuwa anamkomoa.

Fundi Cheche alibaki wa mwisho. Kasuku alikuwa amepanga iwe hivyo. Siku zote hizo alipita njia ya nyuma, kwenye matope, asikutane naye. Kigoda cha mama kilikaa karakanani kwa Fundi, na mama aliketi kwenye ndoo. Hatimaye kadi iliyobaki ikawa ni moja, na njia ya nyuma haikumfaa tena.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, koleo mkononi.

"Hebu niige," alisema.

"Nisamehe, Fundi, siwezi."

"Niige. Nataka nisikie."

Kasuku aliinamisha kichwa. Kwa sauti ndogo akasema habari za kazi, akasema za nyumbani, akataja shida, akasema asante sana. Fundi hakucheka.

"Umeniweza," alisema. "Umekosa kimoja tu. Mimi nikisema asante, huwa sijamaliza."

Akavuta pipa, akaketi, akamwashiria awashe kinasa sauti. Alizungumza kama alivyo: salamu, mvua, bei ya vyuma, saa za kufungua Jumamosi. Akasema asante. Kidole cha Kasuku kilikuwa juu ya kitufe, lakini hakukibonyeza. Gari lilipita. Fundi aliitazama mikono yake. Kimya kilikuwa kirefu, na Kasuku akakiacha kiwe kirefu.

"Halafu," alisema Fundi, "mimi mtu mzima nimetoa namba yangu ya siri kama mtoto aliyehongwa peremende. Nilishindwa hata kumwambia mke wangu." Akavuta pumzi. "Na jingine. We Kasuku, usiwe unapita kule nyuma kwenye matope. Nimekuona kila siku. Pita hapa."

Jioni Shangazi alisikiliza sauti zote, moja baada ya nyingine. Alipofika kwa Fundi Cheche alifumba macho, na kimya kile kilipokwisha akavua vifaa vya masikioni.

"Hii ndiyo," alimwambia Injinia. "Ifundishe hii." Kisha akamgeukia Kasuku. "Mwanangu, mashine haijui aibu wala haijui kwamba imedanganywa. Ukiipa kazi ya uongo itaipokea, na itawarudishia watu uongo huo huku ikiamini inawasaidia. Mimi nilijifunza kusubiri kwa miaka mingi na kwa makosa ya kutosha. Wewe ulipewa siku chache uyapeleke mafunzo hayo kwenye mashine, ukayaacha njiani kwa sababu ya jua. Kazi ya ovyo haimwumizi aliyeifanya. Humwumiza mtu ambaye hakuwepo, anayeiamini. Aibu uliyoiona ilikuwa stahili yako. Lakini ulirudi mlangoni ukasema, na kwa hilo Fundi amebaki na sehemu kubwa ya akiba yake. Mficha uchi hazai."

"Nimesikia, Shangazi."

"Begi lako lile pale."

Kasuku alilitazama begi la buluu, lakini hakulichukua. "Likae kwanza," alisema. "Mpaka mashine ipokee simu ya Fundi na imsubiri."

Kisha akaaga, akarudi nyumbani kwa njia ya mbele, machoni pa watu wote, na kupita karakanani kuchukua kigoda cha mama yake.