Kitanda cha Abdu

Haya yalimkuta rafiki yangu Rachid, fundi bomba wa Buyenzi, mtaa wa kando ya ziwa, na mpaka leo ukimwuliza anabadilisha mazungumzo.

Alasiri moja aliitwa na Mama Abdu: maji yanadondoka chumbani kwa mwanawe. Abdu mwenyewe alikuwa anazunguka visiwa vya mbali vya baharini kwa nauli za chini, akilala juu ya magunia kwenye meli za mizigo. Ujumbe wake wa mwisho ulisema amepata mashua ya bei rahisi kuliko zote. Kisha kimya. Kwao kitanda cha msafiri hakitandikuliwi mpaka arudi, basi chumba kilibaki kimefungwa, dirisha na mlango.

Umeme ulikuwa umekatika. Rachid aliingia gizani akasikia to... to... to. Akapapasa kuta zote akitafuta bomba linalovuja.

"Mama, mu hii chumba hakuna tiyo."

"Najua," alijibu Mama Abdu kutoka mlangoni. "Angalia tu muzuri, mutoto wangu. Sitaki akikuja akute kitanda yake imelowana."

Alipanda kiti akagusa dari; lilikuwa kavu. Godoro lilikuwa limelowa chapachapa, lakini katikati tu, kwa urefu wa mtu aliyelala, na matone yalidondokea sakafuni.

"Ni maji ya wapi, Rachid?"

Rachid alilamba kidole, kama afanyavyo siku zote kujua kama maji ni ya bomba au ya ziwa.

Yalikuwa na chumvi.