Simu Iliyokatikia kwa Mdogo Mtu

Fundi lifti alikutwa chini ya shimo la lifti, kichwa kimepasuka, bisibisi ingali mkononi. Umeme haukuwa umezimwa. Lifti ilishuka ikamkuta humo.

Mlinzi wa jengo, mwenye swichi kuu, alikuwa tayari mahabusu.

"Kwa nini hukuzima?" Inspekta alimuuliza.

"Huwa napigiwa na ofisi ya kampuni ya lifti, afande. Siku ile simu haikuja."

Karani wa ofisi hiyo naye akakana. "Mafundi wengi hunipigia nizimishe umeme. Siku ile hakuna aliyepiga."

Mdogo wa marehemu, fundi wa kampuni hiyohiyo, alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka. "Kaka alinipigia kunijulia hali tu."

Inspekta alipeleka rekodi za simu za kampuni nzima kwa mchambuzi wa data, mama waliyemwita Nukta. Kwake kila mtu ni nukta, kila simu mstari.

"Programu hubuni maumbo ya nani humpigia nani," Nukta alieleza. "Huyazalisha, huyachanganya, dhaifu hutupwa, kizazi baada ya kizazi."

"Dhaifu kwa kipimo gani?"

"Vitatu, na vinavutana. Umbo lijirudie sana, liwe dogo, lisionekane siku zisizo na matengenezo. Linalozidiwa na jingine kwa vyote, nje."

"Basi nipe lililo bora."

"Bora moja halipo, afande. Yamebaki manne. Matatu ni soga za ofisini. Hili litazame."

Marehemu, mdogo wake, karani, mlinzi. Kila marehemu alipotengeneza lifti ya jengo lile, simu zilifuatana hivyohivyo. Siku ya kifo mstari wa kwanza ulikuwepo. Iliyofuata haikuwepo.

Mdogo mtu aliitwa tena. Inspekta alimsogezea mchoro.

"Mnyororo umekatikia kwako. Kwa nini?"

Mabega yakamshuka.

"Mwaka jana nilifunga mlango wa lifti vibaya. Mtoto akakatika vidole. Kaka alinifichia, lakini hakuniruhusu tena kugusa lifti. Kazi yangu ikawa simu: ananipigia, nami nampigia karani. Wiki ile akasema hawezi tena kunificha, anakwenda kumweleza bosi."

"Alipokupigia alisema nini?"

"'Nimeingia shimoni, mdogo wangu. Waambie wazime.'"

"Ukamjibu nini?"

Kijana alifuta uso kwa kiganja.

"Nilimjibu, 'Sawa, kaka.'"