Mkwe Atakayelinda Upanga

"Baba, nataka kuolewa na Tetsuhiro."

Kazuha alijua kuchagua wakati. Baba yake, mzee Munenori, alikuwa ghalani ameshika upanga wa mababu uliotolewa alani, karatasi ameibana midomoni. Katika nyumba ya Tachikura, ukoo uliotawala mji huu enzi za mabwana wa vita, hakuna anayefungua mdomo mbele ya chuma hicho, pumzi na mate visije vikakitia kutu. Mzee akabaki kutoa macho tu.

"Ndiyo, huyo huyo wa duka la tambi. Usinikodolee. Leo utanisikiliza mpaka mwisho."

Akayasema yote. Mzee akaupaka upanga mafuta taratibu, akaurudisha alani, ndipo akatoa karatasi.

"Wewe ni mtoto wangu wa pekee. Anayekutaka aingie humu, achukue jina letu, alinde hazina za ghala hili. Hataki? Aendelee kuchemsha tambi zake."

Simu ya Kazuha ikatetema. Ujumbe wa Tetsuhiro: "Mzee kasemaje? Mbona kimya? Nakufa huku."

Akatoka nje, akampigia.

"Anataka uchukue jina letu, uhamie kwetu."

"Yaani mimi ndiye niolewe?"

"Tetsu, usinichekeshe, mwenzio nalia."

"Na bango la marehemu baba pale dukani? Mama yangu nitamwambia nini?"

"Basi tuachane."

Akamsikia anashusha pumzi.

"Nakuja kesho. Nitaolewa, na shela nitavaa ukitaka."

Kazuha akacheka huku machozi yanamtoka. Maskini, hakujua furaha yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Kesho yake mzee alimkalisha Tetsuhiro ghalani, katikati ya deraya za vita na vinyago vya kuvaa usoni vya maigizo ya kale, akamvua saa na mkanda asije akakwaruza kitu.

"Duka utafunga. Safari za mbali hakuna. Unyevu ukizidi humu, unaamka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Moto ukizuka, unatoa nini kwanza?"

"Kazuha."

"Umekosea. Upanga kwanza, kisha vinyago. Mke ana miguu yake."

Kazuha alikuwa mlangoni na trei ya chai. Alikumbuka mkono wa marehemu mama yake, kovu kutoka kiwikoni hadi kiganjani. Tangu utotoni aliambiwa ni mafuta ya kukaangia, ingawa alijua jiko liliwahi kuungua yeye akiwa mchanga.

"Baba, lile kovu la mama."

"Mafuta hayo."

"Nitazame unijibu. Jiko lilipoungua, mimi mchanga, wewe ulikuwa wapi?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Humu ghalani. Nilitoa upanga. Mama yako alitoka peke yake, amekubeba wewe."

Trei ikamponyoka, chai ikatapakaa.

"Ukanidanganya miaka yote hii! Mama kaungua kwa ajili ya chuma!"

"Ningefanyaje? Hata mimi niliolewa humu, Kazuha! Mkwe wa kuja akipoteza upanga, ukoo utamwacha? Watu walinipongeza, mji mzima." Akautazama upanga. "Jina langu la kuzaliwa ni Hamada. Tukiwa wawili, mama yako aliniita hivyo kwa kunitania. Baada ya moto ule hakuniita hivyo tena mpaka anakufa."

Kazuha alimhurumia na kumchukia kwa pamoja. Akachukua saa na mkanda, akamkabidhi Tetsuhiro.

"Vaa. Jina lako nitalichukua mimi."

"Na vitu vya mababu?" mzee akauliza. "Nikifa, nani?"

"Wape watu wa mji. Mimi sitamzika mume wangu humu akiwa hai."

Tetsuhiro hakuvaa. Alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mzee Hamada, naomba uniozeshe binti yako."

Mzee akashtuka kama mtu aliyeitwa usingizini.

"Umeniitaje?"

"Mzee Hamada."

"Rudia."

"Mzee Hamada."

Munenori akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakamtetemeka. Kazuha hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata msibani. Akamsogelea, lakini mzee akamsukuma taratibu kuelekea kwa mwenzake.

"Mchukue, kijana. Tokeni upesi kabla sijabadili mawazo."

"Twende wote, baba."

"Nendeni. Mimi humu nimeshazoea."