Hamim na Chuma Kizito

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu Nabilah Jumapili iliyopita, tukichambua mchele. Yeye aliyasikia kwa rafiki yake Ruqaiya, aliyepatwa nayo mwenyewe.

Ruqaiya alikwenda kwa mafundi wa Katwe kuchukua sigiri, jiko lake la makaa, gauni lake la njano amelikusanya lisiguse masizi. Kando ya mafundi pana jimu ya mabati. Hapo kijana mmoja, Hamim, alikuwa anasukuma chuma juu ya kichwa, mgongo umepinda nyuma.

"Kaka, unainua au unaanguka?"

"Dada, wewe unajua nini?"

"Nafanya hii kila asubuhi kule Kisugu. Punguza uzito. Kaza tumbo, chuma kipite karibu na uso."

Hakupunguza. Lakini namba ya simu aliomba, na mapenzi yakaanza hivyo.

"Habibi, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Na chuma umepunguza?"

"Bado."

Ruqaiya alichoka kusema. Wavulana nimelea, nawajua.

Wajomba wa Ruqaiya wakataka kumwona kijana. Kwao mchumba ndiye huwanawisha wazee kabla ya chakula, birika mkono wa kulia. Wasiporidhika, hakuna ndoa. Hamim akataka aingie na mabega mapana, basi jioni ya kuamkia siku hiyo akaongeza chuma tena. Bega la kulia likateguka, mkono ukakataa kupanda.

Kumnawisha mjomba kwa mkono wa kushoto ni matusi. Unafikiri alimwambia Ruqaiya? Alizima simu, asitokee. Pilau ikapoa, wajomba wakaondoka wamenuna, na Ruqaiya akalia akidhani ameachwa.

Asubuhi akamfuata jimu, akamkuta mkono umefungwa kitambaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya ya bega uliona. Ya kuniacha na wajomba hukuona. Hamim, umenichosha."

"Nisamehe. Twende leo, nitawaambia mwenyewe."

Mjomba Marjan alimsikiliza mpaka mwisho, akasonya. "Mwanamume mzima. Na birika utaishikaje?"

Hamim akaishika kwa kulia, ikagoma kupanda. Ruqaiya akaikinga kwa chini, wakainua pamoja. Maji yakamwagikia kanzu ya mjomba.

Mjomba akaitazama kanzu, akawatazama wao. "Oaneni," akasema, "kabla hamjanizamisha."

Usiku Hamim akapiga simu. "Mpenzi, nikipona nitaanza na chuma kitupu, bila uzito."

"Utaanza na mti wa ufagio."

Akangoja jibu, akasikia Hamim anakoroma. Ruqaiya akasonya, akavuta shuka, naye akalala.